Usiku wa Ijumaa ni Alhamisi: namna ya kuja Maulidi ya Riyadha bila kukosa

Kijana wa watu alitoka Nakuru na begi mgongoni, akapanda mabasi mawili na boti moja, akabisha hodi kwangu Langoni, mtaa wa mji wa Lamu (sisi twauita Amu), siku ya Ijumaa, saa mbili usiku. Ameshaoga, kanzu mpya ina mikunjo ya dukani bado. "Shangazi, Riyadha ni njia gani? Nimeambiwa Maulidi ni usiku wa Ijumaa."

Nikamtoa barazani nikamwonyesha njia ya Riyadha, msikiti na chuo chetu cha dini. Vijana walikuwa wakipita na mikeka iliyokunjwa mabegani. Maulidi yalikuwa yamesomwa jana yake. Usiku wa Ijumaa, baba, ni ule wa kuamkia Ijumaa. Jua la Alhamisi likishazama, Ijumaa imeingia. Alikaa kitako, akala pilau iliyolala, asubuhi akarudi zake.

Ndiyo maana naandika haya. Nina daftari la kurasa mia mbili ambamo naandika wageni wa Maulidi tangu nilipoolewa nyumba hii, miaka 26 sasa: nani kaja, kalala wapi, kasahau nini. Baba mkwe, Mungu amrehemu, alisoma Riyadha akiwa mtoto, na wenzake aliosoma nao walitawanyika Malindi, Mombasa, Tanga, hadi Komoro. Kila mwaka walikuwa wakirudi. Wengi wao sasa hawapo, lakini watoto wao wanarudi, na watoto wao nao wanaleta rafiki zao wa chuo kikuu Nairobi wasiojua kitu.

Vyuo vingine vina mahafali, joho na kofia ya pembe nne. Aliyesoma Riyadha hurudi kwa Maulidi, na hapo ndipo utajua nani alikuwa darasa la nani. Chuo kilianzishwa karne iliyopita ikianza na Habib Swaleh, Sharifu wa ukoo wa Jamalil-Layl aliyetoka Komoro. Jina la Riyadha limetoka Seiwun, Hadhramaut kule Yemen, kwa mwanachuoni Habib Ali al-Habshi, na Maulidi yanayosomwa hapa aliyatunga huyo huyo, ndiyo maana tunayaita Maulidi ya Habshi. Watu wa Langoni wana sababu yao ya kumpenda Habib Swaleh: aliwasomesha wale ambao darsa za wakubwa hazikuwa na nafasi yao, watoto wa watumwa na wa wavuvi, na akawaachia wapige matari msikitini wakati wenye majina walikuwa wakinuna. Ukisikia tari limelia ndani ya msikiti, ujue halikuingia kirahisi.

Sasa hesabu. Miezi yetu twaihesabu kuanzia Idi ya baada ya Ramadhani: Mfungo Mosi, Mfungo Pili, na kuendelea. Wengine husema mfunguo, ni yale yale. Maulidi ni Mfungo Sita, yaani Rabiul Awwal, na Riyadha husoma Alhamisi ya mwisho ya mwezi huo, si tarehe kumi na mbili kama misikiti mingine. Hii inakupa nafasi nzuri: waweza kusoma kwenu tarehe kumi na mbili, kisha ukaja kwetu. Kila mwaka mwezi huo unarudi nyuma siku kama kumi na moja kwa kalenda ya ukutani. Miaka hii tumo Agosti na Septemba, kusi, upepo wa kusini, limeanza kuchoka, bahari inasameheka. Miaka michache ijayo itaangukia Juni na Julai, kusi kali, na hapo mwenye tumbo jepesi ajue atakayokutana nayo kwenye boti.

Mtego uko kwenye mwandamo wa mwezi. Mwezi ni siku 29 au 30. Tarehe mosi ikiwa Jumatano, Alhamisi ya mwisho yaweza kuwa tarehe 23 au 30, kutegemea mwezi umekamilika au haukukamilika. Usikate tikiti kwa kuhesabu kidole. Subiri mwezi uonekane, kisha mpigie simu mtu wa Amu akuthibitishie. Huna mtu Amu? Utapata kabla hujamaliza kusoma haya.

Safari kwa basi ni kupitia Malindi, Garsen, Witu, mpaka Mokowe, gati ya bara unapopandia boti. Malindi hadi Mokowe ni zaidi ya kilomita 200, sasa lami, lakini kuna vizuizi vya askari, na utateremshwa uonyeshe kitambulisho. Kiweke mfuko wa shati, usikitie begini chini ya mizigo. Basi la asubuhi ndilo la kupanda. Nilimwambia hivyo mpwa wangu mwaka mmoja, akapanda la baadaye kwa sababu lilikuwa rahisi kidogo. Likaharibika njiani na alifika Mokowe boti za abiria zimeshalala. Alilala juu ya gunia la vitunguu vya watu. Pale Mokowe usikimbilie boti ya kwanza inayokuita. Uliza nauli ya watu wote ni ngapi, panda boti ya watu wote. Ukija kwa ndege utashuka Manda, ng'ambo tu ya mji, na boti inakuvusha dakika chache. Angalia maji. Yakiwa yametoka, ngazi za gati zinabaki na ukoga wa kijani unaoteleza kama bamia. Wanawake kwa viatu vya kisigino, nimewafuta magoti wengi.

Mizigo itabebwa na punda au mkokoteni. Mji hauna barabara ya gari la maana, vichochoro tu, na ukisikia "Simile!", yaani pisha njia, nyuma yako, jibanze ukutani kwanza, kisha uliza.

Njoo Jumatatu au Jumanne. Anayekuja Alhamisi mchana kaja kuangalia kilele cha mlima bila mlima. Wiki yote ina mambo: mashindano ya punda mbele ya bahari, mashua kwa tanga, kuogelea, kuvuta kamba, bao, hina, kuandika khati. Ya punda ndiyo yanayojaza watu. Mpanda punda ni kijana mwembamba, hana tandiko wala hatamu ya maana, na punda aliyebeba mawe na mchanga mwaka mzima siku hiyo ndiye mfalme. Simama upande wa nyumba, usisimame upande wa maji. Mwaka mmoja punda wa mtaa wetu aliona maji akabadilisha nia, akatumbukia na mpandaji wake, na watu watatu waliokuwa wamesimama ukingoni wakafuata.

Kuhusu kulala: nyumba za wageni hujaa mapema, na bei wiki hiyo hupanda. Wageni wengi wa Maulidi hulala nyumbani kwa watu, na hapo ndipo maneno yangu mengi yalipo, kwa sababu mimi ndiye mwenye nyumba.

Usije mkono mtupu. Sisemi uje na zawadi ya ajabu. Kilo mbili za sukari na majani ya chai vinatosha, na mwenye nyumba atakuombea dua kwa moyo. Njoo na shuka yako, taulo lako, na kandambili zako. Msalani kwetu maji hutolewa kwa kata kwenye birika, yaani tangi la kujengwa. Usiingize mkono wako birikani, wala usioge ndani yake kama hodhi la hoteli. Kijana mmoja aliingia mzima. Tulitoa maji yote tukasugua birika na ndimu, na ilikuwa siku ya Alhamisi, wageni kumi na wanane wanataka kutawadha. Yumo daftarini kwa wino mwekundu.

Chakula hutakosa. Riyadha hupikiwa masufuria makubwa, ng'ombe na mbuzi huchinjwa, na wageni hukirimiwa sinia kwa sinia. Ukikaribishwa kwenye sinia, kaa, kula upande wako, usivuke mpaka wa mwenzako kutafuta nyama. Mkono wa kulia. Akija mzee akakaa kando, mkatie nyama umsogezee. Asubuhi nyumbani kwangu ni mahamri na mbaazi, na ukibahatika kuna mkate wa mofa, wa moto, na asali.

Mavazi: mwanamume kanzu na kofia, na kama huna kanzu, kikoi safi na shati la mikono mirefu, hakuna atakayekutazama vibaya. Kofia ya kushonwa kwa mkono nunua Amu, ni kazi ya miezi, usipunguze bei hadi ukamtia mwenyewe aibu. Mwanamke buibui na mtandio, na leso mbili mkobani: moja ya kukalia, moja ya kujifunika upepo usiku. Asmini ya kikuba, kile kishada cha kunukia, nunua mchana wa Alhamisi. Jioni haipatikani, na ile inayopatikana imeshapigwa na jua.

Alhamisi alasiri nje ya msikiti kuna goma. Wanaume husimama safu mbili na bakora zao, wanainama na kuinuka taratibu kama mawimbi yasiyo na haraka. Mgeni huona kama hakuna kinachotokea. Kaa nusu saa. Tazama mikono ya wazee, jinsi bakora inavyoshikwa kwa vidole vitatu tu, na jinsi kijana aliyepotea hatua anavyorudishwa kwa jicho bila neno.

Usiku, baada ya Isha, ndio wenyewe. Wanaume huanza kukaa mapema, na akina mama tuna upande wetu. Sisi tunaofahamu twatandika leso kabla ya Magharibi na kumwacha mtoto mmoja alinde. Mikeka inajaa hadi kwenye mchanga nje. Hapo utamuona profesa amekaa kati ya mchuuzi wa samaki na kijana wa madrasa, magoti yamegusana. Nai, ile filimbi, huanza peke yake, nyembamba, kama mtu anaita kutoka ng'ambo. Kisha matari. Wakifika pale pa kuzaliwa Mtume, watu wote huinuka kwa Marhaba, na hapo anapita mtu na mrashi wa fedha akinyunyiza marashi, na mwingine na chetezo cha udi. Kinga viganja vyako, pokea, jipake usoni. Usitoe simu wakati huo. Mwaka juzi mbele yangu alisimama binti mmoja ameinua simu juu, mrashi ukampitia, tone likaingia palipo kioo, simu ikazima. Mama aliyekuwa karibu akamwambia, "Sasa mwanangu utaona kwa macho."

Ijumaa usiondoke. Wengi hukosea hapa, wanafunga begi asubuhi. Ijumaa kuna ziara kwenye kaburi la Habib Swaleh, aliyefariki miaka ya 1930, kisha zefe, yaani maandamano. Watoto wa madrasa hupita mbele ya bahari, madrasa kwa madrasa, na bendera zao na kanzu zilizopigwa pasi hadi zinasimama zenyewe. Wamefanya mazoezi wiki nyingi. Twawasikia jioni vichochoroni, kasida ile ile mpaka paka wameihifadhi. Mwanamke anayetaka kuona vizuri aombe juu ya paa la mtu. Bisha hodi, toa salamu, sema umetoka wapi. Hakuna nyumba ya Amu itakayokukatalia ngazi siku ya zefe. Na huyo mwenye paa ndiye mtu wako wa Amu wa kumpigia simu mwakani kuuliza mwandamo.

Ukishaonja hayo, uliza na mengine ya mwaka wa chuo. Shaabani ikiisha, vyuo na madrasa nyingi za pwani hufunga, watoto hurudi makwao, na huo ndio wakati wa kuvunja jungu, watu wanapika na kula pamoja kabla ya kufunga. Mwanafunzi wa mbali asiye na nauli huvunja jungu kwa waliompokea. Kwangu mwaka huu walikuwa wanne, mmoja alikula sahani tatu za biriani akasema anajipangia mwezi mzima. Ramadhani ina darsa. Na Idi ikipita, Mfungo Mosi, mikoba inarudi. Mwenye hamu ya vitabu ajue pia kwamba maandiko ya kale ya Riyadha, yaliyoandikwa kwa mkono, yamepigwa picha na yanasomeka kwenye intaneti kupitia Maktaba ya Uingereza. Mwanangu alinifungulia kwenye simu yake. Karatasi zimeliwa na mchwa pembeni, lakini khati imesimama pale pale.

La mwisho ni viatu. Nje ya Riyadha usiku wa Maulidi kuna viatu maelfu, na nusu yake ni kandambili za buluu. Funga utepe wako wa rangi kwenye kamba, au vitie mfukoni uingie navyo. Watu hawaibi, wanachanganya tu, gizani, wakiwa na usingizi na marashi. Chini ya ngazi zangu kuna kapu, na ndani yake kandambili saba, zote za mguu wa kushoto. Ukitambua yako, njoo na ya kulia.