Mambo ya kuzingatia kabla ya kupokea mbolea ya nitrati ghalani

Mwezi Novemba, ghala la kijijini huko Masasi, Newala au Nachingwea linaweza kukutanisha vitu visivyopaswa kulala chumba kimoja: korosho zinazosubiri mnada, marundo ya magunia matupu ya juti, salfa iliyobaki baada ya msimu wa kupulizia mikorosho, na mbolea iliyoletwa mapema ili iwahi mvua. Mtunza ghala atakayepokea amonia nitrati na aanze kujiandaa kwa kuutazama ujirani huo, kwa kuwa mbolea hiyo ikiwa safi na kavu haiwaki yenyewe. Hatari yake hutokana na moto wa vitu vilivyo karibu nayo na uchafu unaojipenyeza ndani yake.

Kabla ya kushusha mzigo, soma maandishi ya mfuko. Wakulima huziita zote mbolea ya kukuzia, lakini hazifanani. Urea ina naitrojeni asilimia 46 na haichochei moto. Amonia nitrati yenyewe hukaribia asilimia 34, nayo CAN, ambayo ni nitrati hiyohiyo iliyochanganywa na chokaa, ina asilimia 26 au 27 na ni tulivu zaidi, ingawa utulivu huo si ruhusa ya kuiweka popote.

Salfa ihamishiwe jengo jingine kabisa, kwani kuitenga kwa turubai tu ni kujidanganya. Vivyo hivyo dizeli, mafuta ya pikipiki, viuatilifu, maganda ya korosho yenye mafuta na magunia matupu. Mifuko ipangwe juu ya mbao safi, mbali na ukuta na nyaya za umeme, na chembe zilizomwagika zifagiliwe siku hiyohiyo wala zisirudishwe mfukoni pamoja na takataka. Mbuzi pia wazuiwe: wakizilamba kwa wingi, nitrati huifanya damu ishindwe kubeba oksijeni, nao hufa upesi. Mfuko mtupu usigeuzwe wa kuwekea unga, jambo ambalo nimeliona mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Upande wa viwanda, kemikali hii ni malighafi ya baruti za migodini na kwenye machimbo ya mawe, na pia hutengenezewa gesi ya nusukaputi. Kwa sababu hiyo daftari la ghala lionyeshe kila mfuko ulioingia na kutoka, na mifuko ikipotea, au akija mnunuzi mgeni asiye na shamba anayetaka shehena kubwa kwa haraka, polisi wapewe taarifa.

Moto ndio unaohitaji maandalizi ya mawazo zaidi ya vifaa. Mbolea hii ikipata joto kali hutoa oksijeni yake yenyewe, hivyo kuufunika moto kwa mchanga au kuufungia milango hakusaidii, na joto lililobanwa ndilo linaloweza kuleta mlipuko. Mwaka 1947, katika bandari ya Texas City nchini Marekani, meli Grandcamp iliyobeba takribani tani 2,300 ilishika moto. Mabaharia wakafunga sehemu ya shehena na kuingiza mvuke ili wasiiharibu kwa maji. Meli ililipuka na karibu watu 600 wakafa. Beirut, tarehe 4 Agosti 2020, zililipuka tani 2,750 zilizokaa ghalani kwa miaka kadhaa, na waliokufa walizidi 200.

Kwa hiyo milango na madirisha yaweze kufunguka, na maji mengi yawepo karibu, jambo gumu katika uwanda wa Makonde, ambako matanki ya mvua huwa yamekauka mwezi huo. Moto ukishaifikia mbolea, au ukionekana moshi wa rangi ya kahawia, watu waondoke mbali, wakielekea upande upepo unakotoka, kwa kuwa moshi huo huweza kuumiza mapafu saa kadhaa baada ya kuuvuta. Namba ya zimamoto, 114, iandikwe nje ya mlango, pamoja na aina ya mbolea na idadi ya mifuko, ili anayepiga simu aweze kuvisoma bila kuingia ndani.