VT kwenye seva ya nyumbani: prosesa inaweza, lakini madabodi ndiyo yenye usemi

Juzi nilimsaidia mwalimu mmoja wa Kondele, hapa Kisumu, kuweka Proxmox, mfumo wa Linux wa kuendesha mashine pepe, kwenye kompyuta ya HP EliteDesk 800 G1 ya ex-UK. Alitaka mashine pepe mbili (kompyuta za kiprogramu zinazoishi ndani ya ile moja halisi): moja ya Kiwix, wanafunzi wake wasome Wikipedia bila kununua bando, na nyingine ya kuhifadhi alama za mitihani. Kila akijaribu kuwasha ya kwanza, anapata ujumbe uleule kuhusu KVM, sehemu ya Linux inayoendesha mashine pepe: "KVM virtualisation configured, but not available." Alikuwa ameshaambiwa prosesa imepitwa na wakati, atafute nyingine. Si kweli. i5-4570, prosesa ya Intel iliyomo humo, ina VT-x, yaani uwezo wa kuendesha mashine pepe (VT kwa kifupi), tangu itoke kiwandani. Kilichoizuia ni madabodi.

Intel ilianza kuweka VT-x kwenye prosesa za kompyuta za mezani mwaka 2005, na AMD ikafuata na AMD-V mwaka 2006. Ukiacha baadhi ya prosesa za bei nafuu za miaka ile ya mwanzo, karibu kila mashine utakayoikuta madukani leo inao uwezo huo. Lakini mashine inapowaka, BIOS, programu ndogo iliyomo kwenye madabodi, ndiyo huamua kama utatumika. Huandika uamuzi wake kwenye rejista moja (sehemu ndogo ya kumbukumbu) ndani ya prosesa, kisha huifunga rejista hiyo. Linux ikija baadaye haiwezi kubadilisha kitu. Shika jambo hilo, kwa sababu hatua ya 3 yote inalitegemea.

Hatua ya 1: Jua mashine iko katika hali gani

Kwenye Proxmox au Linux nyingine yoyote:

ls -l /dev/kvm

Faili likiwepo, VT inafanya kazi. Nenda hatua ya 4. Lisipokuwepo:

dmesg | grep -i -e kvm -e vmx -e svm

Ukiona maneno "disabled by BIOS", furahi. Maana yake prosesa inaweza, imezuiwa tu.

Watu wengi hutafuta neno vmx, jina la VT-x kwenye Linux, ndani ya faili la taarifa za prosesa, /proc/cpuinfo. Mimi siamini kipimo hicho peke yake. Kuanzia kerneli (kiini cha Linux) toleo la 5.6, Linux huliondoa neno vmx kwenye orodha ikiwa BIOS imezima VT, kwa hiyo mtu hulikosa akadhani prosesa haina uwezo. Kerneli za zamani zililiacha neno hata VT ikiwa imezimwa. Ukiwa dukani na flashi ya Ubuntu na lscpu isionyeshe VT-x, usiikatae mashine kabla hujaingia BIOS yake. Namba ya prosesa unaweza pia kuitafuta kwenye tovuti ya Intel iitwayo ARK.

Hatua ya 2: Washa VT kwenye BIOS

HP: bonyeza F10 mashine inapowaka, nenda Security, kisha System Security, uwashe Virtualization Technology VTx. Dell: F2, kisha Virtualization Support. Lenovo ThinkCentre: F1, kisha Advanced, kisha CPU Setup. Madabodi za AMD huiita SVM Mode, na mara nyingi huifukia ndani ya mipangilio ya prosesa. Hifadhi, toka.

Ukikuta sehemu hiyo imefifia na haikubali kuguswa, ofisi iliyoitumia mashine iliacha nenosiri la BIOS. Fungua kasha utafute jampa (kifuniko kidogo kinachounganisha pini mbili) iliyoandikwa PSWD. HP na Dell za ofisini huwa nayo. Fuata mwongozo wa modeli yako hasa, maana utaratibu wa kuiondoa na kuirudisha haufanani.

Hatua ya 3: Zima kabisa, kisha shughulikia betri

Hapa ndipo watu hupoteza siku nzima.

Umewasha VT, umehifadhi, mashine imejiwasha upya, na /dev/kvm bado haipo. Usirudi kuvuruga BIOS. Izime mashine. Sisemi kuiwasha upya, nasema kuizima: andika poweroff, subiri feni zinyamaze, chomoa waya wa stima nyuma ya mashine, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kama sekunde 30 ili chaji iliyobaki kwenye pawa saplai iishe. Ndipo uchomeke tena.

Sababu ni ile rejista iliyofungwa. Kuna madabodi ambazo zikiwashwa upya tu, rejista hubaki kama ilivyokuwa, na uamuzi wako mpya haufiki kwenye prosesa. Hata kvm-ok, programu ndogo ya Ubuntu ya kukagua VT, ikiikuta imezimwa hukushauri uiwashe kwenye BIOS kisha uzime mashine kabisa. Kama unatumia UPS, kuzima swichi ya ukutani hakusaidii, kwa sababu UPS itaendelea kuilisha mashine. Chomoa kwenye mashine yenyewe. Mashine ya mwalimu ilikubali papo hapo baada ya kuchomolewa, bila kubadilisha kitu kingine.

Sasa, ikiwa VT ilifanya kazi jana na leo imezima tena, shuku betri ya madabodi. Ni ile ya duara kama sarafu, CR2032, ya volti 3. Stima ikiwepo, mipangilio ya BIOS haiitegemei sana, kwa kuwa pawa saplai huilisha madabodi hata mashine ikiwa imezimwa. Stima ikipotea, betri ndiyo inayobaki. Ikiwa imekufa, madabodi nyingi hurudia mipangilio ya kiwandani, na kwa mashine nyingi za ofisini mipangilio hiyo ina VT ikiwa imezimwa. Sisi wa kando ya ziwa tunaijua mvua ya radi ya jioni na giza linaloifuata. Mtu huamka asubuhi akakuta mashine pepe zake zote zimelala, akaanza kuisaka hitilafu ndani ya Proxmox, wakati haimo humo.

Zipo madabodi zinazoweka mipangilio kwenye chipu ya flashi isiyohitaji betri, na betri ikifa hupoteza saa tu. Kwa hiyo saa ndiyo dalili ya kuaminika zaidi. Stima inaporudi, ingia BIOS kwanza uangalie tarehe kabla Linux haijapata intaneti, kwa maana ikiipata itairekebisha saa na dalili itafichika. Dalili nyingine ni apt, programu ya kusakinisha vifurushi, kulalamika kwamba faili la Release "is not valid yet": kwake yeye, faili limetoka siku ambayo haijafika.

Pima betri kwa malti mita. Mpya husoma volti 3 au zaidi kidogo. Ikisoma chini ya 2.8, itoe. Ushauri wangu ni mkali zaidi: mashine ya ex-UK ikifika nyumbani, badilisha betri siku hiyohiyo, hata kama inasoma vizuri. Nunua iliyo ndani ya pakiti yake, si ya kuokotwa kwenye bakuli la kaunta. Chomoa waya wa stima, iweke upande wa alama ya kujumlisha ukitazama juu, kisha rekebisha tarehe na uwashe VT upya.

Hatua ya 4: VT-d, kama unaihitaji

Inahitajika tu ukitaka kuikabidhi mashine pepe kadi nzima, kwa mfano kadi ya mtandao. Hapa madabodi ina usemi hata zaidi. Chukua i5-4570 ileile: Dell OptiPlex 9020 ina chipseti (chipu kuu ya madabodi) ya Q87, ambayo Intel inaitambua kwa VT-d, OptiPlex 3020 ina H81, ambayo haitambuliwi. Kati ya hizo mbili, nunua 9020. Na jihadhari na i5-3570K na i7-2600K: zina VT-x, hazina VT-d.

Iwashe kwenye BIOS, ongeza intel_iommu=on kwenye mstari wa kerneli ndani ya /etc/default/grub, endesha update-grub, uwashe upya. Ukikuta folda ndani ya /sys/kernel/iommu_groups, umefaulu.

Hatua ya 5: Iache ijiwashe yenyewe

Kwenye HP tafuta After Power Loss, kwenye Dell AC Recovery, uweke iwake stima inaporudi. Kwenye Proxmox, wekea kila mashine pepe alama ya Start at boot.

Kisha fanya jaribio. Zima kwa poweroff, chomoa waya, uache mashine bila stima usiku kucha, asubuhi uchomeke. Isipojiwasha, bonyeza kitufe, halafu rudia ls -l /dev/kvm. Faili likiwepo na tarehe ya BIOS ikiwa sahihi, anza kuweka data ya watu.