Namna ya Kuchagua na Kutumia Mafunzo ya Malezi kwa Mtoto Mwenye Usonji na Changamoto Nyingine za Ukuaji wa Ubongo

Mzazi wa mtoto mwenye usonji (hali inayoathiri mawasiliano na uhusiano wa mtoto na watu), ulemavu wa akili au upungufu wa umakini huhitaji kuielewa hali ya mtoto wake, lakini vilevile huhitaji kujua afanye nini asubuhi mtoto anapokataa kuvaa shati. Mafunzo yanayoishia kwenye maelezo ya hali hiyo hayatoshi. Kabla ya kujiandikisha, muulize mwezeshaji kama wazazi watafanya mazoezi na kusahihishwa, na kama kuna atakayewatembelea nyumbani. Mafunzo ya Shirika la Afya Duniani kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9, kwa mfano, yana vipindi 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na huweza kuendeshwa na wawezeshaji wasio mabingwa, mradi wamefundishwa na wanasimamiwa. Mtoto si lazima awe amekwisha kuthibitishwa na daktari kuwa ana hali hiyo, kwa hiyo usikae ukisubiri majibu. Anayekuahidi kwamba mtoto atapona usonji, achana naye.

Ukishaanza, chagua shughuli moja tu ya kila siku. Tuchukue kule kuvaa shati: kugawe katika hatua ndogo, yaani kuingiza kichwa, mkono wa kwanza, mkono wa pili, kisha kulishusha hadi kiunoni. Msaidie hatua zote isipokuwa ya mwisho, umwachie alishushe mwenyewe, kisha msifu papo hapo kwa kutaja alichofanya: "Umeshusha shati mwenyewe!" Akiizoea hatua hiyo, mwachie na iliyotangulia. Kuanzia mwisho kuna faida kubwa, kwa kuwa kila mara mtoto humaliza kazi akiwa ameshinda. Unapolishika shati, litaje kwa neno moja au mawili, kisha nyamaza na uhesabu kimoyomoyo hadi tano ukimtazama. Akilinyooshea mkono au akitoa sauti, hayo ni mawasiliano, nawe uyajibu. Kunyamaza huko ndiko kunakowashinda wazazi wengi, maana mapenzi hutusukuma tumsemee mtoto.

Akilia au akijitupa chini, andika kilichotokea kabla na kilichofuata baadaye. Baada ya siku kadhaa huenda ukaona kwamba hulia shughuli inapobadilika ghafla, na hapo dawa ni kumwandaa mapema kwa picha ya kinachofuata, wala si kumwadhibu.

Mazoezi haya huchosha, na uchovu wako si kosa. Mfundishe mlezi mwingine nyumbani hatua zilezile ili mpokezane. Kwenye kipindi kinachofuata, nenda na daftari lako na umweleze mwezeshaji hasa yale yaliyokwama, ikiwezekana umwonyeshe kwa vitendo, kwani humo ndimo atakamoona hatua gani ilikuwa kubwa mno kwa mtoto wako na ipunguzwe vipi.