Mtoto akila anatoka vipele au anatapika: jinsi ya kujua kama ni aleji ya chakula

Mama zangu, kabla ya yote nenda jikoni ukauchukue ule unga wa lishe uangalie una nini ndani. Mahindi, mchele, ulezi, mtama, ngano, soya, karanga, ufuta, mbegu za maboga, wengine wanaweka mpaka dagaa. Humo kuna ngano, soya, karanga, ufuta na samaki, yaani vitano kati ya vile vyakula tisa vinavyosumbua watu zaidi kwa aleji (vingine ni maziwa ya ng'ombe, mayai, korosho na wenzake kina lozi, halafu kamba na kaa). Vyote mtoto anavipata kwenye kikombe kimoja cha uji, sasa akivimba macho utajuaje ni kipi?

Mimi ilinichukua karibu miezi mitatu kujua. Mwanangu alikuwa na mwaka na miezi miwili, leo anakunywa uji yuko safi, wiki ijayo anakunywa uji anatapika na anavimba uso, na kila mtu ana lake, huyu anasema meno, huyu anasema joto, jirani akaninong'oneza kwamba mtoto kabemendwa. Kumbe unga nilikuwa nanunua kwa watu wawili tofauti, mmoja anaweka karanga mwingine haweki. Nilikuja kugundua nilipoanza kuandika.

Kwaiyo anza na kuandika. Chukua daftari au simu, andika alichokula chote hata kashata aliyopewa na dada yake, andika saa aliyokula, saa dalili ilipoanza, ilikuwaje na iliisha saa ngapi, na piga picha kwa sababu ukifika hospitali vipele vinakuwa vishapotea na daktari hana cha kuona.

Saa ndio kitu muhimu kuliko vyote. Aleji ile ya haraka inakuja ndani ya dakika chache mpaka kama masaa mawili baada ya kula: mabaka yaliyovimba yanayowasha kama kaumwa na mbu wengi, midomo au macho kuvimba, kutapika, kukohoa ghafla, mafua ya ghafla. Kuna nyingine inachelewa masaa mengi au hata siku mbili tatu, hiyo inakuja na kuharisha, choo chenye makamasi au damu, pumu ya ngozi kuchachamaa, mtoto haongezeki uzito, na hii ndio ngumu kuikamata bila daftari. Halafu kuna ya kutapika mfululizo, saa moja mpaka manne baada ya kula, mtoto anatapika mpaka anapauka na kulegea na hana kipele hata kimoja. Watu wanasema kala kitu kibichi, lakini ikijirudia kwa chakula kilekile mwambie daktari, na akilegea usisubiri ijirudie, mpeleke hapohapo.

Kuhusu ngozi, picha nyingi za mtandaoni ni za watoto weupe, unaona wekundu unadhani ndio utafute huo. Kwa ngozi zetu wekundu mara nyingi hauonekani, utaona uvimbe wa rangi ileile ya ngozi au umeiva kidogo kama zambarau, kwaiyo pitisha kiganja mgongoni na tumboni usikie, na mpeleke kwenye mwanga wa jua.

Sio kila kitu ni aleji jamani. Vipele kuzunguka mdomo tu baada ya nyanya, chungwa au nanasi mara nyingi ni uchachu umemchoma ngozi, ukimfuta vinaisha. Mtoto aliyetoka kuharisha sana akinywa maziwa tumbo likajaa gesi na akaharisha majimaji, mara nyingi ni utumbo umechoka kumeng'enya sukari ya maziwa, unarudi wenyewe baada ya wiki chache, na mtindi anaweza kuuvumilia vizuri zaidi. Juisi nyingi nayo inaharisha. Na samaki kama vibua na jodari wakikaa kwenye joto bila barafu wanatengeneza sumu inayoleta dalili kama za aleji kabisa, uso unawaka na kuwasha, kupika hakuiondoi, ila hapo mara nyingi utakuta zaidi ya mtu mmoja mezani wamepatwa.

Sasa kumtafuta mchawi. Kama dalili ni ndogo na za kuchelewa, ongea na daktari au mtu wa lishe, mtoe chakula KIMOJA unachokishuku kwa wiki mbili mpaka nne, uone kama anapata nafuu, kisha umrudishie uone kama dalili zinarudi. Hiyo ya kurudisha wengi wanairuka, mtoto akipata nafuu wanaona imetosha, na hapo hujathibitisha chochote kwa sababu labda angepona tu. Lakini kama alivimba, alitapika mfululizo au alibanwa kifua USIMJARIBISHE TENA nyumbani hata kwa ncha ya kijiko, hiyo ni kazi ya hospitali.

Na usitoe vyakula vitano kwa mpigo kwa kuhisi tu. Nimeona mtoto kaachishwa maziwa, mayai, samaki na karanga, kabaki na ugali na mchicha, ana miaka miwili mashavu yameisha. Ukitoa maziwa lazima ujue unaweka nini badala yake, na maziwa ya mbuzi sio jibu kwa sababu protini zake zinafanana sana na za ng'ombe.

Unga wa lishe changanya mwenyewe. Anza na mahindi na ulezi, akizoea ongeza kimoja, asubuhi, kiasi kidogo, siku ambayo hana homa na wewe upo nyumbani, ukae siku mbili tatu kabla ya kuongeza kingine. Usiogope karanga kwa mtoto ambaye hajawahi kupata shida, utafiti uliofanyika London ukatoka 2015 ulionyesha watoto wenye hatari kubwa walioanzishiwa karanga kabla ya kufika mwaka walipata aleji yake kidogo sana kuliko walionyimwa. Kama ana pumu ya ngozi kali au ana aleji ya yai, uliza daktari kwanza. Na iwe ya kusaga ndani ya uji, karanga nzima inamkaba.

Hii isome mara mbili: akianza kupumua kwa shida, kifua kinapiga filimbi, sauti inakauka, ulimi unavimba, au analegea na kupauka ghafla, usitafute maziwa ya kumnywesha wala usikae kusubiri piritoni ifanye kazi, piritoni inatuliza muwasho tu haifungui njia ya hewa. Anahitaji sindano ya adrenalini ya paja haraka. Mlaze, akipata shida kupumua mshike amekaa, usimsimamishe wala kumtembeza, tafuta usafiri wowote, na ukifika getini sema "mtoto kala kitu kavimba hapumui vizuri" usikae foleni.

Vipimo vya damu na vya kuchoma ngozi vipo hospitali kubwa lakini peke yake havitoshi, mtoto anaweza kuonyesha ana aleji ya yai na kila siku anakula yai hana shida, ndio maana daktari mzuri ataanza na daftari lako.

Wakwangu sasa ana miaka minne. Aleji ya maziwa na mayai watoto wengi inawaisha wakikua, ya karanga inawaisha wachache, na yeye hiyo ya karanga bado anayo. Dada wa kazi anajua, mwalimu wa chekechea anajua, bibi yake ilibidi nimwonyeshe ile picha ya uso uliovimba ndio akaacha kumpa kashata.