Somo: Namna ya Kuandikisha Rasmi Aina ya Asili ya Mti wa Matunda

Assalaam alaykum, wanachama wenzangu.

Somo hili limetokana na swali linalorudi kila tunapokutana: mtu ana mwembe aliourithi kwa babu yake, embe zake hazifanani na za mwembe mwengine wowote pale kijijini, naye anataka aina ile iingie katika kumbukumbu za Serikali. Aanzie wapi? Kabla ya kutaja hatua yoyote, kuna fundo ambalo lisipofunguliwa mtu atahangaika bure, nalo ni kwamba kuandikisha aina ya asili si kuimiliki.

Kuna haki ya mgunduzi wa mbegu, ambayo ni haki ya umiliki juu ya aina mpya ya mmea anayopewa aliyeizalisha. Tanzania Bara iliitungia sheria mwaka 2012, Zanzibar ikatunga ya kwake mwaka 2014, na tarehe 22 Novemba 2015 Tanzania ikawa mwanachama wa UPOV, jumuiya ya kimataifa inayosimamia haki hizo. Kwa kanuni za UPOV, mwenye haki hiyo hulindwa kwa muda usiopungua miaka 25 ikiwa mmea wenyewe ni mti, na aina yake lazima iwe mpya, iwe na upambanuzi (ipambanuke na aina nyengine), iwe na ulinganifu (mimea yake ifanane) na iwe thabiti (isibadilike inapozalishwa). Neno "mpya" hapa lina maana ya kisheria: aina haikuuzwa nchini kwa ridhaa ya mgunduzi kwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya maombi, wala nje ya nchi, kwa miti, kwa zaidi ya miaka sita. Embe boribo iliyouzwa katika soko la Darajani, Unguja, tangu enzi za mababu zetu haiwezi kuwa mpya kwa hesabu yoyote ile, na kwa hivyo hakuna atakayepewa umiliki wake, si wewe wala mwengine.

Mtu atauliza, kama ni hivyo, faida iko wapi? Faida iko katika sharti la upambanuzi. Aina inayoombewa haki hulinganishwa na aina zote ambazo kuwepo kwake kunajulikana siku ya maombi, na sheria humhesabu kuwa mgunduzi hata yule aliyeikuta aina mahali akaiendeleza. Mwembe wako usiojulikana nje ya mtaa wako, ambao embe zake huliwa na watoto wa skuli wanaopita na hazijafika sokoni, ndio ulio hatarini zaidi. Siku maelezo yake yatakapokuwa yameandikwa, yametiwa tarehe na kuhifadhiwa katika taasisi ya umma, mtu mwengine hataweza kusema kwamba ameizua yeye. Tunaandikisha ili ijulikane.

Wenzetu kwengine wamelikubali jambo hili waziwazi. Sheria ya India ya mwaka 2001 ina mlango maalumu wa kuandikisha aina za wakulima. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2008 kuhusu miche ya matunda, unazikubali aina kongwe zilizokuwa sokoni kabla ya tarehe 30 Septemba 2012 kwa maelezo yanayotambuliwa rasmi tu, bila ya kuzipitisha katika majaribio marefu yanayotakiwa kwa aina mpya. Maelezo ndiyo mzigo mkubwa wa kazi, na ndiyo nitakayokaa nayo zaidi.

Hatua ya kwanza: hakikisha unayo aina moja, si jina moja

Majina ya matunda visiwani kwetu Zanzibar ni bahari. Embe kizungu, ambayo wengine huiita embe ng'ong'o, si embe hata kidogo. Ni tunda la mti mwengine, wenye kokwa iliyojaa miba ya nyuzi. Boribo ni jina la kundi zima, na ndiyo maana wauzaji huongeza la pili, wakasema boribo ya Muyuni, wakijua kuwa mnunuzi mzoefu atataka kujua boribo ya wapi. Ndizi inayoitwa hivi Wete huitwa vyengine Makunduchi. Kwa hivyo zunguka kwanza. Chukua matunda mabivu matatu au manne, uende nayo katika shehia mbili tatu za jirani, uwaoneshe wazee na wachuuzi bila ya kuwatajia jina, kisha uandike kila jina utakalopewa na nani aliyelitoa. Ukimtajia mzee jina kwanza, atakubali kwa adabu tu, na wewe utaondoka na jibu lako mwenyewe.

Hatua ya pili: chagua mti mama na uutie alama

Mti mama ndio shahidi wako, maana maelezo yote yatatoka kwake. Uwe umeshazaa misimu kadhaa, uwe na afya, na isiwepo shaka kwamba ni wa aina unayoisema. Andika shehia, jina la mahali kama linavyotamkwa na wenyeji, na nambari za mahali ulipo kutoka kwenye simu yako, kisha upige picha ya mti mzima, gome, jani, ua na tunda.

Alama isiwe ya wino. Msimu wangu wa kwanza niliandika kwa kalamu ya wino mzito juu ya vipande vya plastiki, nikavifunga kwenye miembe sita; masika yalipokwisha nikakuta vipande sita vyeupe, na kazi ya miezi minne ikabidi ianze upya. Siku hizi ninakata mkebe wa soda kwa mkasi, ninaandika kwa ncha ya msumari mpaka herufi zizame, kisha ninaufunga kwenye tawi kwa waya uliolegezwa, usije ukalikaba tawi linaponenepa.

Hatua ya tatu: maelezo

Hapa ndipo maombi mengi yanapokwama, kwa sababu mwombaji huandika "embe kubwa, tamu sana, yenye harufu nzuri", na maneno hayo yanafaa kwa nusu ya embe zote za Unguja na Pemba. Mchunguzi anataka kile kitakachomwezesha kuitenga embe yako na nyengine akiwa hajawahi kukuona.

Chuma matunda 20 yaliyokomaa, juu ya mti na pande zote za mti, wala usiokote yaliyoanguka. Kila tunda lipime uzito kwa gramu, mizani ya dukani inatosha, pamoja na urefu, upana na unene kwa milimita. Andika la kila tunda peke yake, usiandike wastani tu, kwa sababu tofauti baina ya tunda na tunda nayo ni sehemu ya sifa za aina. Kisha tazama umbo. Je, kitako cha kikonyo kimeinuka au kimezama? Bega moja limepanda kuliko la pili? Ncha ina mdomo uliochongoka, au imejaa tu? Rangi ya ganda iandikwe mara mbili, siku ya kuchuma na siku ya kuiva, na ikiwezekana ilinganishwe na kitabu cha rangi wanachotumia wataalamu, kwa sababu "manjano" yangu na "manjano" yako si lazima yawe moja.

Baada ya hapo likate tunda. Ninapoandika haya ninayo embe moja mezani kutoka kwenye mti wetu wa nyuma ya nyumba: ganda limebaki na kijani mabegani hata baada ya kuiva, nyama ni ya rangi ya chungwa iliyokoza, na nyuzi zipo upande wa tumbo la kokwa peke yake, fupi, hazifiki kati ya nyama. Sentensi hiyo inamsaidia mchunguzi kuliko ukurasa mzima wa sifa. Isafishe kokwa, ikaushe, ipime, uipasue na uhesabu viini vilivyomo. Majani nayo yasisahauliwe: chukua yaliyokomaa katikati ya tawi, upime urefu na upana, na uandike rangi ya majani machanga, kwa kuwa mwembe mmoja huchipua mekundu na mwengine ya kijani kibichi. Kwa mwembe, ipo miongozo ya kimataifa inayopanga sifa hizi moja baada ya moja. Mwombe mtaalamu akuoneshe, uufuate mpangilio wake.

Hatua ya nne: rudia

Kwa kawaida ya UPOV sifa hutazamwa kwa misimu miwili ya kuzaa. Hata kama hutaki haki ya mgunduzi, fuata kawaida hiyo, kwa sababu mwaka wa mvua nyingi embe hunenepa na mwaka wa kiangazi hupungua. Wakati huohuo bebesha vikonyo vya mti mama, yaani ncha za matawi yake zinazopandikizwa, kwenye miche michache na uipande mahali pengine. Ikizaa tunda lilelile, umeshathibitisha kuwa sifa ni za aina, si za udongo wa pale.

Hatua ya tano: jina

Tumia jina la wenyeji. Likiwa linatumika kwa aina nyengine pia, liongezee jina la mahali. Usiipe aina jina la familia yako, hata ikiwa babu ndiye aliyeupanda. Mimi naliona hilo kuwa kinyume na lengo lenyewe, na huzaa ugomvi. Majina mengine yote uliyoyakusanya katika hatua ya kwanza yaandikwe chini yake.

Hatua ya sita: karatasi

Anza kwa sheha, upate barua inayothibitisha mahali na historia ya mti. Muone bwana shamba au bibi shamba wa wilaya, kisha upeleke jalada Wizara ya Kilimo kupitia Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, ZARI, Kizimbani. Peleka nakala, ubaki na asili, na uombe nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Muhuri huo usiudharau.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Donge: Mwalimu, mwembe ni wetu tangu kwa bibi, lakini ardhi ni ya jirani aliyepewa eka tatu na Serikali. Je, anaweza kutuzuia?

Jibu: Kwa desturi yetu mti na ardhi huweza kuwa na wenyewe mbalimbali, na kuandika maelezo ya aina hakugusi umiliki wa kimoja wala cha pili. Hata hivyo mtapita kwake mara nyingi kwa misimu miwili. Mwendeeni kwa heshima, mwelezeni, kisha makubaliano yaandikwe mbele ya sheha. Na jina lake litajwe katika historia ya mti.

Mwanachama wa Wete: Nina mshokishoki wenye matunda ya manjano. Nimepanda kokwa zake kumi. Nikaandikishe yote?

Jibu: Hapana, andikisha mama peke yake. Mshokishoki ulioota kwa kokwa si nakala ya mama yake, na mingi huwa midume isiyozaa kabisa. Kwa miembe inategemea: kokwa za baadhi huotesha miche miwili au mitatu kwa pamoja, ambayo mingi ni nakala ya mama, na nyengine huotesha mche mmoja ambao ni mtoto wa mama na baba. Mshelisheli usio na kokwa hauna tatizo hilo, kwani huzalishwa kwa machipukizi ya mizizi.

Mwanachama wa Makunduchi: Amekuja mtafiti kutoka nje, anaomba vikonyo vya mwembe wetu, na anasema upo mkataba wa kimataifa unaoruhusu.

Jibu: Upo mkataba wa mwaka 2001 kuhusu rasilimali za mimea ya chakula, na Tanzania imo. Lakini utaratibu wake wa kubadilishana unahusu mimea iliyoorodheshwa. Michungwa na jamaa zake, migomba, minazi na mshelisheli imo, na mwembe haumo. Hata kwa iliyomo, hutolewa kwa mkataba wa maandishi, si kwa maneno ya barazani. Mwambieni aanzie Wizarani, na msikate hata kikonyo kimoja mpaka karatasi zifike.

Mwanachama wa Konde: Mwembe wetu ulipigwa na upepo, umebaki tawi moja lililo hai. Tungoje msimu ili tupime matunda?

Jibu: Msingoje. Kokwa ya embe hufa ikikaushwa au ikiwekwa kwenye baridi kali, kwa hivyo haihifadhiki ghalani kama mpunga. Aina huishi kwa mti ulio hai tu. Leo chagueni ncha zilizokomaa, nene kama penseli, mkate majani yake na kuacha vijiti vya majani. Baada ya siku saba hadi kumi, kichipukizi cha juu kikishavimba, kateni, mfunge kwa kitambaa kibichi ndani ya mfuko wa plastiki, na mbebeshe siku ileile kwenye miche isiyopungua kumi, mkiigawa nyumba tatu tofauti. Maelezo yatafuata itakapozaa.