Jinsi ya Kupima Faida ya Cheti cha Kitaifa kwa Fundi Sanifu wa Dawa Nchini Marekani

Kabla ya kulipa ada ya mtihani wa PTCB (bodi ya Marekani inayotoa cheti hiki kwa mafundi sanifu wa dawa), ambayo ni dola 129, soma kwanza kanuni za bodi ya famasia ya jimbo lako, kwa kuwa baadhi ya majimbo hulazimisha cheti na mengine huridhika na usajili tu. Pale kisipolazimishwa, mwulize mwajiri kama atakurudishia ada na kukuongezea mshahara, na ikiwezekana akuandikie, maana ahadi za mdomo husahaulika upesi. Anayelenga kazi ya hospitalini, hasa ya kuchanganya dawa za kudungwa mshipani, asisite sana. Zingatia pia gharama za baadaye: cheti huhuishwa kila baada ya miaka 2, kwa saa 20 za mafunzo endelevu.