Ripoti ya mwani inapozidisha kilo: namna ya kuikagua joini

Mifumo ninayoiandika hapa Wete ni ya vikundi vya wakulima wa mwani, na lalamiko linalonifikia zaidi ni hili: ripoti ya kwenye tovuti haikubaliani na daftari la katibu. Mara nyingi kosa liko kwenye joini, yaani pale majedwali ya data yanapounganishwa. Mimi huanza kwa kuliamini daftari. Mwani ulipimwa kwenye mizani mbele ya kina mama wenyewe. Kompyuta ndiyo inayotakiwa ijieleze.

Kwanza litoe nje ya tovuti swali la SQL, yaani lile linaloiuliza hifadhidata. Ukitumia zana za kujengea tovuti kama Laravel au Django, SQL yenyewe huioni, inatungwa nyuma ya pazia. Washa kumbukumbu za maswali, nakili lile lililotumwa, liendeshe moja kwa moja kwenye hifadhidata yenyewe, MySQL au PostgreSQL. Jibu likiwa bovu na huko, basi achana na kurasa, tatizo liko kwenye swali.

Kisha shika mkulima mmoja tu. Ondoa SUM (inayojumlisha) na GROUP BY (inayopanga kwa makundi), uitazame mistari mitupu:

SELECT w.id, z.id, z.kilo, p.id, p.kiasi
FROM wakulima w
LEFT JOIN mauzo z ON z.mkulima_id = w.id
LEFT JOIN malipo p ON p.mkulima_id = w.id
WHERE w.id = 17;

Tuseme namba 17 ni mama wa Tumbe. Ameuza mara tatu, kilo 40, 25 na 35, jumla 100. Amelipwa mara mbili, shilingi 60,000 na 40,000. Swali hili litakutolea mistari sita, kwa sababu kila uzaji umeoanishwa na kila malipo. Ukijumlisha, kilo zinakuwa 200 na malipo shilingi 300,000. Mauzo na malipo hayana uhusiano wowote baina yao. Yanakutana kwa mkulima tu, na hapo ndipo yanapozaana.

Wengi hukimbilia DISTINCT, inayoondoa yanayojirudia. Tafadhali usifanye hivyo. SUM(DISTINCT z.kilo) ikikuta magunia mawili ya kilo 40 kila moja, italihesabu moja, na mtu atapunjwa jasho lake bila ya mtu kujua. Dawa ni kujumlisha kila jedwali peke yake kabla ya kuunganisha:

LEFT JOIN (SELECT mkulima_id, SUM(kilo) AS kilo
  FROM mauzo GROUP BY mkulima_id) z
  ON z.mkulima_id = w.id

Malipo nayo vivyo hivyo. Sasa kila mkulima ana mstari mmoja.

Kuna na ugonjwa wa pili, watu kupotea. Ukiandika JOIN tupu, asiyeuza haonekani. Lakini hata LEFT JOIN, inayombakisha kila mkulima, huwapoteza ukiweka WHERE z.tarehe >= '2024-01-01', maana asiye na uzaji tarehe yake ni NULL, yaani tupu, na NULL haipiti sharti hilo. Sharti la tarehe lihamishie ndani ya lile swali dogo la mauzo.

Na usiunganishe kwa majina ya mahali. Kuna Chwaka ya Unguja na Chwaka ya Tumbe huku Pemba; mmoja kaandika "Tumbe", mwengine "Tumbe Mashariki", wa tatu kaacha nafasi mwishoni. Ipe kila shehia namba yake, uunganishe kwa namba hiyo. Kwa data iliyokwisha kuingia, watafute walioachwa nje kwa LEFT JOIN na WHERE s.id IS NULL (s ni jedwali la shehia), uwasahihishe mmoja mmoja na katibu akiwa pembeni. Yeye ndiye anayewajua.

Kabla hujairudisha ripoti hewani, endesha SELECT SUM(kilo) FROM mauzo, kwa kipindi kilekile, ulinganishe na jumla ya ripoti nzima. Zikipishana hata kilo moja, hujamaliza. Halafu mtafute mkulima asiyeuza kitu: jina lake liwepo, na COALESCE(z.kilo, 0), inayoweka 0 penye NULL, imwonyeshe sifuri.